Risasi za Upepo

Mume wangu anaitwa Nzau, na kwa Kikamba nzau ni fahali. Ukimwona utacheka. Ni mtu mwembamba, shingo ndefu kama kuku aliyenyonyolewa, na sijui kama ni Mungu aliyemtania au ni wazazi wake. Hapa Nuu watu humwita Daktari wa Kuku. Chuo hajakanyaga, alifunzwa tu na watu wa mifugo waliokuja kanisani kwetu, lakini ana mkono mwepesi. Anaenda na baiskeli boma kwa boma, kisanduku cha barafu kimefungwa kwenye keria. Anashika kuku, anamfungua jicho na kidole, anatia tone moja la chanjo. Tone moja, basi, na huyo kuku ugonjwa wa kideri haumuui tena.

Sasa shida ni hii. Ile dawa ikipata joto imekufa. Na njia zetu ni miiba mitupu, miiba mirefu inayopita tairi na tyubu na hata kandambili. Ukipata pancha jua likiwa kali, ubandue, ubandike, halafu upige pampu mpaka mabega yawake moto, barafu inakuwa imeyeyuka zamani. Nimemwona Nzau akirudi nyumbani na kumwaga dawa chini, anakaa kwenye kigoda. Siku hizo nilimwonea huruma sana.

Pampu yetu ilikuwa ya babangu. Ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima, nzito. Babangu alienda nayo sokoni maisha yake yote, na haikuwahi kumwangusha.

Halafu tukaenda Tawa, kule Makueni, kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Nzau akakutana na Ngure. Ngure ni kijana ambaye wazazi wake walitoka upande wa Murang'a wakafungua duka, yeye anauza vitu vya baiskeli na kushindana mbio, miguu imenyolewa kama ya bibi harusi. Huyo ndiye aliyemwonyesha Nzau vile vichupa. Ni vya chuma, vimeng'aa, urefu wa kidole, mbele vimechongoka, ndani kuna gesi. Unashikisha kichwa chake cha kujazia kwenye vali, unakaza kichupa humo kinatobolewa, pshaa! Tairi imesimama. Vijana wa mbio huviita risasi. "Nipe risasi moja." "Nimepiga risasi, nikaendelea." Ndivyo wanavyosema, na Nzau akarudi Nuu akisema hivyo hivyo.

"Mama Yvonne, ona, ni kufumba na kufumbua!"

"Na kesho?"

"Kesho nini?"

"Kesho tairi imelala. Hiyo gesi haikai. Juzi kule Tawa ulijaza jioni, asubuhi ukakuta imelegea kama mdomo wa mlevi. Na ukiimaliza porini utajaza na nini? Mate?"

"Wewe unapenda pampu kwa sababu ni ya babako."

"Ndiyo! Na wewe unapenda risasi kwa sababu ni ya Ngure."

Alicheka. Akasema haraka yake ndiyo inaokoa kuku, na polepole yangu ndiyo inawaua. Akaifunga ile pampu kwenye baiskeli ili ninyamaze tu. Mimi hivyo vichupa niliapa sitavigusa, na sikuvigusa. Aliponiita anifundishe, nilimwambia nina mboga ya kuchambua.

Basi majambazi wa mifugo wakaja. Waliingia kwa mzee Muthama, wakafungua zizi, na mzee alipotoka na tochi wakampiga risasi ya kifua. Risasi ya kweli hiyo. Mbuzi wote wakaenda. Mke wake, Mama Kasyoka, alimkuta akiwa bado anahema. Mtoto wao wa kiume ni Kyule, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, na kwaya tuliimba pamoja. Kyule tangu siku hiyo hakulala. Macho yalikuwa mekundu, na alimwuliza kila mtu swali moja: nani aliwaonyesha njia? Nani anajua boma gani lina mbuzi na nani analala wapi?

Wewe jibu. Ni nani huingia kila boma Nuu, huku na huku, na baiskeli? Mimi sikufikiria. Naapa sikufikiria.

Siku ya matanga nilikuwa jikoni kwa Mama Kasyoka na akina mama wengine, tunapika isyo kwenye sufuria kubwa, mahindi na maharagwe ya watu wote wa kijiji. Nzau alikuwa amepita hotelini sokoni kunywa chai, na hapo akampigia Ngure simu. Yeye kwa simu hupiga kelele, anadhani Tawa ni ng'ambo ya mlima. "Nitumie risasi zingine! Hapa ziko mbili tu! Ile ya juzi nilipiga mara moja, ikamaliza kazi!" Hoteli nzima ilisikia. Hakuna aliyemwuliza chochote. Walilipa chai yao, wakatoka, wakaja moja kwa moja kwenye matanga.

Na yeye, mtu wangu, akapanda baiskeli kuwafuata nyuma, kuja kuzika. Mwiba ukamdungia tairi karibu na lango la Muthama. Akashuka. Akabadilisha tyubu hapo kando ya njia, akatoa kichupa, pshaa!

Nilisikia mlio ule jikoni nikajua ni yeye, nikasema moyoni, hata matangani anakuja na upuuzi wake. Kisha nikasikia nduru. Wanaume wakapita mlango wa jikoni wakikimbia, na mmoja akaingia, akachukua chupa ya mafuta taa tuliyowashia kuni, bila kuomba. "Tumemshika mmoja," akasema. Mama mmoja akasema, "Achomwe." Nami nikaendelea kukoroga, kwa sababu mtu aliyemuua Muthama hakuwa ndugu yangu.

Halafu nikasikia, "Kasiva!"

Nzau haniiti Kasiva. Tangu tupate Yvonne mimi ni Mama Yvonne, mchana na usiku, hata tukigombana. Niliangusha mwiko nikatoka mbio.

Walikuwa wamemlaza kwenye vumbi mbele ya kaburi lililochimbwa. Rungu lilipanda na kushuka. Nilisikia mbavu zake, sauti ya kuni kavu, na mtu akimkanyaga mkono, ule mkono mwepesi. Uso haukuwa uso. Jicho la kushoto lilikuwa limefungwa na damu, na damu nyingine ilitoka mdomoni na masikioni. Walikuwa wamechomoa tairi ya mbele kwenye baiskeli yake mwenyewe, na Kyule alikuwa akimvisha shingoni. Mafuta taa yakamwagwa kichwani, nikaona yakiteremka na damu kwenye shati nililomfulia asubuhi.

"Ni mume wangu! Nyinyi, ni Nzau! Nyote mnamjua!"

"Tunamjua," akasema Kyule. "Ndiyo maana." Akafungua kiganja. Vichupa viwili, kimoja kimetobolewa, kingine kizima. "Hizi ni nini, Mama Yvonne?"

"Ni upepo! Ni za kujaza upepo!"

Walicheka. Watu niliokula nao meza ya Bwana walinicheka, mmoja akasema, "Risasi za upepo!" na teke likampata Nzau tena tumboni.

"Haya," Kyule akasema. "Jaza basi. Jaza tuone." Akanitupia kile kizima na kile kichwa chake, na mwingine akasukuma baiskeli yake, si ya Nzau, mbele yangu, tairi ya nyuma tupu.

Ngai wangu! Mimi niliyeapa sitagusa. Nilipiga magoti, nikaitafuta vali siioni. Nzau alijaribu kunielekeza, meno yamevunjika, "Shika vali kwanza... kwanza..." lakini mimi nilikaza kichupa kabla ya kushika vali. PSHAAA! Ikalia mkononi mwangu kama bunduki, moshi mweupe ukaruka, na kiganja kikanata kwenye chuma kwa baridi. Watu wote wakajitupa chini. Wanaume wale wote, na marungu yao, matumbo kwenye vumbi.

Walipoinuka walikuwa wabaya zaidi. Tairi ilikuwa tupu vile vile. "Imelia! Mmesikia imelia!" Kyule akatoa kiberiti. Akapiga njiti ya kwanza, ikavunjika. Mimi sikufikiria tena. Baiskeli ya Nzau ilikuwa imelala hapo, na pampu ya babangu ikiwa imefungwa mahali pake. Niliing'oa. Kyule alipopiga njiti ya pili nikampiga mkono kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukikatika, akapiga kelele, nikampiga tena palepale. Nikamfuata akirudi nyuma. Nilimpiga bega, nikampiga sikio. Nilitaka afe. Nasema ukweli, nilitaka kumwona Kyule akifa mbele ya kaburi la babake, na nilikuwa nimeinua pampu juu ya kichwa chake.

"Mwache."

Ni Mama Kasyoka. Mjane wa siku tatu, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa ameokota kile kichupa nilichoangusha, amekishika kwenye shavu lake.

"Usiku ule," akasema, "niliokota ganda la risasi kando ya mume wangu. Liliniunguza." Akatuonyesha vidole, na kweli kulikuwa na malengelenge. "Hii imelia sasa hivi na ni baridi. Imeshika umande. Shikeni." Akampa wa kwanza. Yule akashika, akampa mwingine, naye akampa mwingine, kila mtu akaishika. Kisha Mama Kasyoka akapiga magoti na kutoa tairi kwenye shingo ya mume wangu kwa mikono yake, akamfuta mafuta usoni na ile nguo ya msiba.

Unajua wale wengine walifanya nini? Waliondoka mmoja mmoja wakarudi upande wa jikoni. Walikuwa na njaa. Walikula isyo niliyopika. Polisi walipokuja kuuliza, Nuu nzima haikuona kitu.

Nzau alilazwa hospitalini Mwingi mpaka mvua za kwanza. Mbavu zilipona, vidole vikapona vibaya, jicho la kushoto halikupona. Daktari wa Kuku hana jicho, unaona kichekesho hicho? Mtu mwenye jicho moja hawezi kupima umbali wa tone, dawa inaanguka mgongoni mwa kuku. Kwa hivyo ninazunguka mimi. Yeye hupanda nyuma yangu au hutembea, anashika kuku, mimi natia tone. Ngure alituma mzigo wake wa risasi akiwa hajasikia lolote. Nilizitupa chooni, nikampigia simu nikamtukana mpaka salio likaisha. Masikini, alilia.

Kyule hakuja kuomba radhi. Alileta mbuzi wa upatanisho pamoja na wazee, mbuzi akachinjwa, akaliwa, wazee wakaomba. Yeye mwenyewe aliangalia chini. Mkono wake ulipona umepinda.

Wiki jana tulikuwa tukirudi nyumbani tukamkuta njiani. Baiskeli yake imebeba mitungi minne ya maji, tairi imekwisha upepo kabisa. Alikuwa ameshabandika tyubu, lakini pampu hana. Alituona akageuza uso. Mimi nilikanyaga pedali niongeze mwendo, haki ya Mungu, ningepita.

"Simama, Mama Yvonne," Nzau akasema.

"Sisimami."

"Simama. Mtu hawezi kulala njiani na maji ya watoto."

Nikasimama. Nzau akashuka, akaichukua pampu kwenye baiskeli yetu, akampa. Kyule akajaribu. Mkono ule haukunyooka, alisukuma mara moja, mara mbili, upepo ukatoka pembeni. Akaacha. Nzau akapiga magoti kwenye mchanga na vidole vyake vilivyopinda, akapapasa vali kwa kuwa haioni vizuri, akaanza kupiga.

Tangu siku ile ya matanga pampu ya babangu imepinda katikati. Ukisukuma hufika pale ikakwama, lazima uilazimishe, ikipita inalia *tak*. Nzau alipiga, *tak*. Akapiga, *tak*. Kyule alikuwa amesimama juu yake, na kila *tak* niliona mkono wake ukishtuka. Alijua vizuri pampu ile ilipinda wapi. Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta.

"Inatosha?" Nzau akamwuliza, akimwangalia na jicho lake moja. "Wewe ndiye unaona. Niambie kama inatosha."

Kyule akashika usukani, akainama. Mimi nilishuka, nikabonyeza tairi na kidole gumba, ilikuwa ngumu.

"Inatosha," nikasema. "Enda nyumbani."

Sijamsamehe. Nilisukuma ile baiskeli yake kutoka mchangani kwa sababu mitungi ilikuwa mizito na mkono wake mzima ni mmoja.