Mbawakawa wa Msitu wa Juu

Wote walimwita Mama Dudu, hata mumewe alipotaka kumchokoza. Kazi yake ilikuwa kunasa mbawakawa weusi, wale wanaokulia ndani ya magogo yaliyooza, kuwatia tone la rangi mgongoni, kukata ncha ya mguu kwa ajili ya maabara, kisha kuwaachia. Kati ya msitu wa juu na wa chini palikuwa na ukanda uliokwisha kukatwa mbao, yamebaki magogo machache yamelala. Mbawakawa wale si wa kuruka mbali. Huhama gogo kwa gogo.

Asubuhi moja mtafiti wa kituo alichofanyia kazi alirudi na majibu ya maabara. "Mama, vinasaba vya wale wa juu vinazidi kufanana. Wanazaana ndugu kwa ndugu. Wasipopata wageni, tutawapoteza."

"Na wageni njia yao ni yale magogo tu."

"Ni hayo tu."

Wiki hiyohiyo kampuni ya mbao ikaamuru ukanda usafishwe. Mtafiti alipiga simu ofisi hii, akarushwa ofisi ile, mpaka akakata tamaa. Mama Dudu akamwendea dereva wa trekta la kampuni, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni. Alimkuta akipaka minyororo grisi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niachie yale magogo."

"Wanataka kupanda miche. Wanasema magogo yanaleta wadudu."

"Si ndiyo raha yake!"

Wakacheka, kisha kicheko kikawakauka. "Dada, nikigoma mimi, kesho atakaa mwingine kwenye kiti changu."

Mama Dudu akamgusa bega, akaondoka.

Hata hivyo kijana alijitia kusahau gogo moja, kubwa kuliko yote. Msimamizi akaliona, akamrudisha. Mama Dudu alikuwepo. Mnyororo ulipokaza, gogo likamomonyoka kama mkate uliolowa, na mabuu meupe yakamwagika juani. Akapiga magoti, akayaokota na kuyatia kwenye kopo lake la chakula. Mdogo wake akazima injini, akashuka, naye akaokota, mpaka msimamizi alipomfokea.

Mabuu karibu yote yalikufa kabla ya kufika kituoni.

Mama Dudu bado hutega mitego kule juu, akimngoja mbawakawa mgeni kutoka msitu wa chini. Mwanzoni mdogo wake kila akija kumtembelea aliuliza, "Wamevuka?"

"Bado."

Siku hizi haulizi. Hukaa, hunywa chai yake, na dada mtu humuuliza habari za watoto.