Nywele za Mvuna Mwani

Sisi wachapaji tuna mdomo, na mimi nilimtania Yasohachi mchongaji kwa miaka thelathini. Nilimwita panya mla mbao. Lakini hapa mjini Edo hakuna aliyebisha kwamba katika picha zinazochapwa kwa mbao, nywele za wanawake ni zake. Mchoraji hazichori. Anaweka ukingo wa kichwa tu, kilichobaki anamwachia mchongaji.

Mwaka mmoja mtoto wa jicho alikuwa karibu kumpofusha. Tajiri wa duka la picha akaleta mchoro wa wanawake wakivuna mwani ufukweni Omori, upepo wa baridi unawachapa. Kazi yetu inatisha: mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao na kuchongwa pamoja nao, mistari tu ikiachwa imesimama. Kisu kikiteleza, mchoro ndio umekwenda. Nyuso, mikono na mawimbi wakachonga wengine. Zikabaki nywele za mama aliyechorwa mbele ya wenzake.

"Ukikata unywele mmoja, mzee," tajiri akasema, "kisu unaweka chini na hukishiki tena."

"Nimesikia, bwana."

Niliona ni ukatili, na hadi leo naona hivyo. Siku kumi na mbili Yasohachi aliinamia ule ubao, macho ameyafumba kabisa. Ukucha wa kidole gumba ulitangulia kupapasa mfereji uliopita, kisu kikafuata. Nilipita nimchokoze, nikaishia kumfagilia vumbi la mbao.

Asubuhi ya kuchapa alikuja na mkewe, Otami, aliyevuna mwani Omori tangu usichana wake. Mama wa watu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua, nikainua.

Lo! Nywele nyembamba kuliko uzi wa buibui, mamia kwa mamia, hakuna hata mmoja uliokatika, na upepo umo ndani yake. Sijawahi kuogopa kazi ya mkono wa mtu kama siku ile.

"Vipi, mnywa wino?" Yasohachi akauliza. "Zimetoka?"

"Zote, kaka. Zote!"

Tajiri aliipeleka karatasi kwenye mwanga, akaikagua. "Kisu ni chako," akasema, sauti chini.

Otami naye akasogea, akainama.

"Hizi si nywele zangu hizi?" akasema. "Lakini umenizidishia, mume wangu. Zangu zilishapukutika siku nyingi."

"Ah," Yasohachi akasema, "mimi sikuziona zikipukutika."