R.A.S. Kwenye Barabara ya Sakania

Leo sokoni, katikati ya harufu ya samaki wakavu, muuzaji aliulizwa habari na mwenzake. “R.A.S.,” akajibu kwa kifupisho cha Kifaransa, yaani mambo ni salama. Hasira ikanipanda.

Nilikuwa mtoto, natoka mji wa mpakani wa Sakania na mama, wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walipotunyang'anya gunia letu la samaki. Mama alilishikilia, wakamsukuma, akaanguka. Mkubwa wao akatokea, akauliza kuna nini.

“R.A.S., chef,” mwanajeshi mmoja akajibu.

“Iko nini, hiyo?” mama akauliza kutoka pale chini.

“Ni kusema hakuna kitu ilipita, mama.”

“Na huyu muntu mwenye kuanguka hapa?”

Mkubwa alikitazama kiwiko cha mama kilichokuwa kikitoka damu, akalitazama gunia. Kisha akawaambia wanajeshi wake wamchagulie yeye mwenyewe samaki wakubwa.