Mapacha wa Mizunguko Miwili

Chokaa mbichi ina harufu inayokwaruza pua. Juzi jirani yangu hapa Igogo alikuwa akipaka ukuta wa uani, nami nikianika nguo nikajikuta nimekaza mapaja kama mtu anayengoja filimbi. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika. Chanzo cha hasira hiyo kina umri mkubwa kuliko watoto wangu, na nawasimulia ninyi kwa sababu mama yangu hapendi kuisikia.

Tulizaliwa mapacha. Mimi nilitangulia kutoka, nikaitwa Kulwa. Mwenzangu akaitwa Doto, kama ilivyo kwetu Wasukuma. Mama alitulea kwa sheria moja: anachopewa mmoja apewe na mwingine, la sivyo aliyenyimwa ataugua, pengine afe. Shangazi akileta kitenge kimoja, kilikatwa katikati. Nikichapwa mimi, Doto naye aliguswa kidogo na fimbo, asije akapungukiwa. Tulicheka sana, lakini hata sisi tuliamini.

Shuleni, Mwalimu Mashauri wa michezo aligundua kwamba tunaziweza mbio za mita mia nane. Alituchorea uwanja kwa chokaa, na upande mmoja ulielekea ziwani, ambako upepo ulikuwa unakula miguu. Mimi nilikuwa na pumzi na kiburi. Doto alikuwa na kasi ya mwisho ambayo sijaiona tena kwa mtoto yeyote. Basi mwalimu akapanga: Kulwa atangulie, akate upepo na kuwachosha wengine, Doto ajifiche mgongoni kwangu, asikubali wengine wamzibie njia upande wa ndani, na kwenye kona ya mwisho achomoke.

"Dhahabu ni ya Doto," alisema. "Kulwa akibahatika, shaba."

Sikuumia. Kutangulia ilikuwa kazi yangu tangu tumboni.

Kwenye mashindano ya mkoa, mshindi wa mbio hizo angepelekwa shule ya bweni yenye mafunzo ya riadha, asomeshwe bure mpaka amalize. Kwetu ada ya sekondari ilikuwa ndoto, basi hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee. Mwalimu alipokuja kutuchukua asubuhi hiyo, mama alikuwa akituchua miguu.

"Mwalimu, nafasi ziko ngapi?"

"Moja tu, mama."

Mama aliendelea kutuchua. Mwalimu alipotoka nje, mama akatuvuta karibu. "Mlikaa tumbo moja, mfike pamoja. Doto, ukimwacha mwenzako, utanifanya nizike mtoto."

Filimbi ikalia, nikaondoka kama mwizi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wangu wote. Rimu ya gari ilipogongwa kuashiria mzunguko wa mwisho, nyuma yangu nilisikia pumzi mbili tu: ya Doto, na ya msichana mmoja mrefu wa Sengerema. Tulipoingia kona ya mwisho miguu yangu iliisha. Doto akachomoka vilevile alivyofundishwa, na hapakuwa na mtu wa kumfikia. Mwalimu alikuwa anaruka pembeni kama mtoto.

Halafu Doto akageuka. Akaniona nimebaki, akapunguza mwendo, akaninyooshea mkono.

Yule wa Sengerema alitupita kwa nje bila hata kututazama. Sisi tukavuka mstari tumeshikana mikono, watu wakashangilia, na mama akapiga vigelegele. Mwalimu Mashauri alikaa kwenye nyasi akainamisha kichwa. Waamuzi walisema Doto alitangulia kwa kifua, wakampa medali ya fedha, nami ya shaba. Mama akaamuru tubadilishane kila Jumapili.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya upendo. Nilivimba kichwa, jamani: dada yangu aliacha dhahabu kwa ajili yangu! Mpaka mwanangu alipofika darasa la saba, tulilokuwa sisi siku ile, nikamwona jinsi alivyo mdogo bado, ndipo nikaukumbuka vizuri uso wa Doto pale kwenye kona. Ilikuwa hofu. Mtoto wa umri ule alikuwa ameambiwa kwamba akishinda ataua, naye akaamini kila neno. Desturi yetu ilifaa kwa vitenge na uji. Nafasi ya shule haikatwi katikati, na mama hakutaka kulijua hilo. Sijamsamehe.

Yule wa Sengerema alisoma, akaajiriwa jeshini kwa ajili ya miguu yake. Mimi nafua nguo za watu. Doto anauza dagaa Buhongwa, na jioni vifundo vyake vinavimba kwa kusimama. Mama bado huwaambia wageni kwamba hakuwahi kutupendelea.

Mwaka jana nilimfuata Doto sokoni. Nilikaa kando yake mpaka wateja wakapungua, ndipo nikamwambia kile nilichokuwa nimechelewa kukisema.

"Doto, siku ile nisingekufa."

Aliendelea kupima dagaa.

"Najua," akasema. "Sasa najua."