Kiboko wa Bondeni Kwetu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Igurwa, kulikuwa na mambo ambayo Bibi hakukubali kubishana na mtu yeyote, hata mwinjilisti wa kanisani kwake. Mojawapo ni hili: mnyama wa majini akiacha maji yake akaja kukaa karibu na nyumba ya watu, ujue kuna mtu wa nyumba ile aliyeko ugenini anayetafuta njia ya kurudi. Mnyama huyo hapigwi mawe, hachekwi, na zaidi ya yote hazibiwi njia. Akiipata njia yake, na yule wa ugenini ataipata yake. Akizibiwa, basi tena.

Nimekua na kuwauliza wazee wengine wa Karagwe kuhusu imani hiyo. Wengine wanaijua. Wengine wanatikisa kichwa na kusema bibi yangu aliitunga mwenyewe kwa sababu ya mwanawe. Mimi siwezi kuamua, na siku hizi nimeacha kuuliza.

Mwanawe huyo ndiye baba yangu. Aliondoka nikiwa sijaanza shule, muda mfupi baada ya mama kufariki, akaenda machimboni Geita. Alimwahidi Bibi kwamba atarudi na bati za kuezekea nyumba. Mwanzoni tulikuwa tukiletewa salamu zake na watu waliotoka huko, kisha salamu zikakatika. Bibi hakulia mbele yangu hata mara moja. Alichofanya ni kubakiza. Kila alipopika ndizi na maharage alibakiza fungu moja kwenye sufuria, akalifunika kwa jani la mgomba, maana msafiri anaweza kuingia wakati wowote na ni aibu mtu kufika kwao akakuta sufuria imeoshwa. Asubuhi, msafiri akiwa hajafika, fungu lile nilipewa mimi kabla ya kwenda shule. Ndiyo maana nilikuwa mtoto mnene kuliko wenzangu wote darasani, wakanitania mpaka nikachoka. Nilikuwa nakula kwa ajili yangu na kwa ajili ya baba.

Basi masika moja kiboko akaja.

Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yetu Mama Jovitha, aliyeshuka bondeni kuteka maji. Alirudi akikimbia bila ndoo, akasema kuna jiwe mtoni limepiga chafya. Tulishuka kutazama. Kijito chetu ni kidogo, kiangazi mtoto anakiruka, lakini mvua zile zilikuwa zimejaza shimo moja refu chini ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, na humo ndani alikuwa amejaa yeye, masikio mawili na macho mawili juu ya maji. Mto Kagera uko mbali na kwetu, milima na mabonde kadhaa katikati. Alivyofika, hakuna aliyejua.

Bibi alimtazama kwa muda, kisha akanishika bega.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "baba yako yuko njiani."

Kesho yake habari zilikuwa zimefika kila mahali. Watu walitoka Ihanda kwa baiskeli, wengine Kituntu kwa miguu, na njia nzuri ya kushuka bondeni ilikuwa moja tu, ile inayokatiza kibanja chetu. Kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu wetu alileta darasa zima tuje kuchora kiboko, na nusu ya darasa ikachora nguruwe. Mgombea udiwani mmoja alipanda juu ya kichuguu akaahidi daraja. Mzee mmoja aliapa kwamba yule ni mtu mkubwa wa zamani aliyerudi kukagua nchi. Mchinja ng'ombe wa sokoni naye alikuja, amekizungushia kisu chake gazeti, akidai alikuwa anapita tu. Waliohofia kwamba lile ni pepo waliita kwaya, na kwaya ikaja na sare zake. Iliimba nyimbo za taratibu tu, zile za kuvuta, kwa sababu kiongozi wao aliogopa kwamba nyimbo za kuchangamka zingemkasirisha mnyama.

Bibi hakuweza kuona watu wamejaa kwenye kibanja chake na matumbo matupu. Alikata mikungu ya ndizi, majirani wakaleta ya kwao, masufuria makubwa yakaazimwa kanisani. Wanawake walijifunga kanga viunoni wakaketi kumenya chini ya migomba. Wanaume walikalia majani, wakapitishiana kahawa ya kutafuna, wakazungumza kwa sauti za chini kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekataza kelele. Nami nilizunguka katikati yao na kipande cha ndizi mkononi, nikijiona mwenye nyumba.

Mchana wa siku ile ile Bibi aliteremka mtoni na kikapu chake kidogo cha kahawa. Kwetu mgeni akifika, kabla ya habari yoyote, anapewa punje za kahawa iliyochemshwa ikakaushwa, atafune, ndipo mazungumzo yaanze. Bibi alitandika jani ukingoni, akamwaga punje chache juu yake, akapiga magoti.

"Karibu, mgeni," alisema. "Tafuna, upumzike, kisha uende kwenu salama."

Watu waliangua kicheko, mwenyekiti na katazo lake la kelele wakasahauliwa. Kijana mmoja akasema, "Bibi, huyo ukimpa kahawa atataka na kigoda!"

"Kigoda ninacho," Bibi alijibu bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyekikalia."

Lakini alikaa pale ukingoni saa nyingi, akiwasihi watu wasisimame kwenye mkondo ambao kiboko angeweza kuupita kurudi alikotoka. Hawakumsikia. Kila aliyeondoka alipishana na wengine wawili wanaokuja. Kiboko alijaribu kutoka mara moja, watu wakapiga mayowe na kukimbia huku na huku, akarudi shimoni.

Siku iliyofuata akaja bwana wanyamapori na bunduki begani. Alikuwa mtu wa heshima, alimwamkia Bibi kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mnyama huyu ameanza kuhangaika. Ataua mtu. Kesho asubuhi nikimkuta bado yupo, nitampiga."

Nilimwona mchinja ng'ombe akilipapasa gazeti lake. Nilimwona pia Bibi, na sikuwahi kumwona na uso kama ule. "Akipigwa huyu, baba yako harudi," aliniambia kwa sauti ndogo. Sikumkumbuka baba sura yake. Nilikumbuka koti moja lenye harufu ya moshi, na mtu aliyeninyanyua juu hadi nikashika jani la mgomba. Nilimtaka mtu yule kwa nguvu zangu zote.

"Na watu wakiondoka?" Bibi alimuuliza bwana wanyamapori.

"Wakiondoka, huenda naye akaondoka. Lakini hawa nani atawaondoa?"

Bibi alipanda hadi kwenye mafiga, akachukua ndoo ya maji, akamwagia moto. Moto wa kwanza, wa pili, wote. Masufuria yaliyokuwa na ndizi mbichi aliyapindua kwenye majani. Moshi ulijaa kibanja chote, kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Nyinyi ambao hamkulelewa kwetu labda hamtaelewa uzito wa jambo lile. Mwenye nyumba kuzima moto ilhali wageni wameketi wanasubiri chakula ni kuwatukana na mama zao.

"Waitu, ndugu zangu, nendeni makwenu," alisema. "Kwangu hakuna chakula, hakuna kahawa, hakuna kitu. Nendeni."

Waliondoka wakinuna. Wengine walisema uzee umemharibu, wengine walisema ni uchoyo aliouficha muda mrefu. Mama Jovitha, jirani wa kuazimana chumvi, alikaa hadi mavuno ya kahawa bila kuja kwetu. Lakini jua lilipozama bonde lilikuwa tupu, na asubuhi bwana wanyamapori alikuta shimo la maji tu na alama za miguu mikubwa zikifuata mkondo kuelekea mbali. Punje za kahawa zilikuwa zimekanyagiwa ndani ya alama mojawapo. Bibi alinionyesha, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Siku ile alifagia uwanja mara mbili. Alinivisha gauni la kanisani, akaketi mlangoni akitazama njia.

Hakuja mtu. Masika yakaisha, hakuja mtu. Bibi hakusema kwamba alikosea, na mimi sikuthubutu kuuliza. Aliendelea kubakiza chakula miaka yote, hata nilipokwisha kumaliza shule na kufungua duka langu la vifaa vya shule pale Kayanga, hata alipokuwa hawezi tena kuinua sufuria mwenyewe. Alifariki akiwa mzee sana. Usiku wa mwisho wa matanga nilikuta fungu limefunikwa jikoni. Mpaka leo sijui nani alilifunika, labda mimi mwenyewe, kwa mazoea.

Baba naye alifariki mwaka jana, kule kule Geita. Habari aliileta mdogo wangu, binti ambaye sikujua kama yupo duniani. Alishuka stendi ya Omurushaka na begi moja, akauliza njia hadi Igurwa. Aliponitajia jina lake nilimkumbatia nikalia, maana aliitwa Kokugonza, na Kokugonza ndilo lilikuwa jina la Bibi. Nilijiambia kwamba kumbe baba hakutusahau.

Alasiri moja tulikuwa barazani tunapukuchua maharage. Kokugonza akanionyesha simu yake akicheka.

"Dada, ona. Nyangumi kapotea, kaingia mto wa mjini kwa watu."

Ulikuwa mji wa ng'ambo, majengo marefu pande zote mbili. Mgongo wa mnyama ulitokeza, ukazama. Juu ya madaraja watu walibanana, watoto wamebebwa mabegani, wauza vitafunio wanapita, mtu mmoja anapiga gitaa. Boti zilimzunguka nyuma na mbele.

"Hata sisi tulikuwa na wa kwetu," nilimwambia, nikaanza kumsimulia kiboko ili tucheke pamoja. Nilimweleza jiwe lililopiga chafya, nguruwe tuliowachora, masufuria ya kanisa na kwaya ya nyimbo za kuvuta. Lakini hakucheka. Aliacha kupukuchua.

"Hao watu walikaa wapi, dada?"

"Hapa hapa. Chini ya migomba."

"Na bibi alikuwa wapi?"

"Chini mtoni, na kahawa yake."

Aligeuka akaitazama migomba. Kisha akasema, "Baba aliwahi kurudi."

Alinisimulia alivyosimuliwa. Baba alikuja kwa miguu kutoka barabarani, hana bati, hana hata kilo ya sukari. Alipita nyuma, penye mibuni, ili asionekane kabla hajamwona mama yake. Kutoka pale akaona wanaume wamekalia majani wakizungumza chini chini, wanawake wamejifunga kanga wakipika kwa masufuria makubwa, kwaya ikiimba. Lakini mama yake hakuonekana popote. Hakuhitaji kuuliza. Aliona haya kuingia kwenye msiba wa mama yake amechelewa na mikono mitupu, akageuka. Baadaye alipopata binti, akampa jina la marehemu.

"Na mimi?" niliuliza. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Alikuona. Alisema ulikuwa na ndizi mkononi, mtoto mnene, unapita katikati ya watu. Alijipa moyo kwamba una watu wa kukutunza."

Nililia pale barazani, maharage yakamwagika, na mdogo wangu akanishika. Nilimlilia Bibi, aliyezima moto siku moja baada ya siku iliyohitajika. Nilimlilia mtu wa kwenye mibuni. Imani ya Bibi siwezi kuitetea mbele ya mtu mwenye akili zake, lakini njia ilizibwa, na walioiziba walikuwa watu wema tuliowapikia sisi wenyewe.

Sijui kama nyangumi yule alifika baharini. Kokugonza alitaka kutafuta habari zake, nikamwomba asitafute.

Jioni tulipika ndizi. Alipotaka kuosha sufuria nilimzuia, nikabakiza fungu moja, nikalifunika kwa jani. Hakuniuliza ni la nani. Asubuhi nilimpakulia.

"Kula," nilimwambia. "Ni cha baba."

Alikula chote.