Siku Mhasibu Mkuu Alipotuletea Supu

Msimu wa kwanza wa kununua kakao ulipokwisha salama, tajiri wetu alitangaza kwamba atatupeleka kula chakula cha mchana kwenye hoteli mpya ya ufukweni. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufanya karibu kila kitu, na mmoja wao alikuwa amejenga hoteli. Sisi tuliifahamu kwa kuitazama kutoka barabarani. Mlangoni palikuwa na mtu wa kukufungulia, kana kwamba mlango wenyewe ni mzito.

Tulikuwa sita: tajiri, mke wake, na sisi wafanyakazi wanne. Mimi nilikuwa mpiga chapa, wengine ni dereva, mpima mizani na mtunza ghala. Sote wanne tulitoka kwenye ofisi ya ushirika, ambayo zamani ndiyo pekee iliyonunua kakao. Wanunuzi binafsi walipoingia, ofisi ikapunguza watu, na tajiri, mfanyabiashara wa mjini Kyela ambaye babu yake alitoka Pwani, akatuchukua. Mhasibu mkuu wetu hakumchukua. Alisema mhasibu anaye, amemuoa.

Mhasibu mkuu alikuwa mtu wa Ikolo, mrefu, aliyevaa tai hata joto la Kyela lilipokuwa linawashinda mbuzi. Alipoingia ofisini tulisimama. Hakuna aliyewahi kutuamuru. Tulimkuta kila mtu anasimama, nasi tukasimama. Baada ya kupunguzwa, tulisikia amekwenda Makwale kulima mpunga.

Basi tukakaa mezani, kwenye vitambaa vyeupe. Mhudumu akatokea jikoni na sinia la supu, amevaa koti jeupe na tai ya kipepeo. Alikuwa yeye.

Tukasimama wote wanne. Kiti cha dereva kilianguka. Tajiri, akidhani Mkuu wa Wilaya ameingia, akasimama naye na kufunga kifungo cha koti. Mke wake peke yake alibaki amekaa.

"Huyu si analeta supu?" akauliza.

Mhasibu mkuu alitutazama mmoja mmoja.

"Kaeni," akasema.

Tukakaa. Tajiri naye akakaa.

Supu ilikuwa ya maboga. Tuliinywa kama dawa. Aliporudi kuchukua sahani, mtunza ghala alinyanyuka nusu, akajifanya anavuta kiti.

"Mama, utapenda samaki mbasa au kuku?" mhasibu mkuu akaniuliza. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniuliza nipendacho.

"Chochote utakachoamua, mzee."

"Hapa anayeamua ni mteja."

"Basi mbasa."

"Mbasa wameisha."

"Kuku."

"Ndaga," akasema, na kuandika. Ofisini alikuwa amekataza Kinyakyusa, hata cha kushukuru.

Alipoondoka, tajiri alituuliza kama tunamjua. Dereva akamweleza. Tajiri alisubiri mpaka kuku walipoletwa, akamwambia mhasibu mkuu, "Mzee, kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilikuja. Nilikaa barazani kwako mpaka adhuhuri. Nikaambiwa unakula."

"Nani alikwambia?"

"Mimi," akasema mke wake, akiendelea kukata kuku. "Na kweli ulikuwa unakula."

Tajiri aliweka uma chini. "Vuta kiti, ule nasi."

"Ahsante, bwana. Niko kazini."

Akatumiminia maji, kila glasi kwa kipimo kilekile, akaenda zake.

Wakati wa kuondoka nilibaki nyuma, nikamuuliza anaionaje kazi.

"Nzuri," akasema. "Watu wananiambia ahsante. Mwanzoni ilinisumbua."

Nikamwambia ahsante. Akaitikia kwa kichwa.

Tajiri alimwita mara mbili kuja kufanya kazi kwetu, akakataa kwa upole mara zote mbili. Baadaye hoteli ilimfanya msimamizi. Sisi msimu uliofuata tulisherehekea uani kwa tajiri, kwa pilau aliyopika mke wake baada ya kufunga hesabu. Ilikuwa pilau nzuri sana.