Mama Alivyoendelea Kuishi Lundo

Mwezi uliopita wajukuu walinishusha Lundo kwa gari. Hata kiti hakijapata joto, tumefika! Nikawakasirikia bure, maskini. Wangejuaje kwamba enzi za Mwingereza safari hiyo ya miguu ilitutoa kwetu Litembo, juu mlimani, alfajiri na kutufikisha ziwani jua likizama, na kwamba ndiyo iliyonizuia nisipate kichaa?

Mama alifariki akijifungua, na mtoto akaondoka naye. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Bibi akatuambia mimi na dada tutulie nyumbani. Kutulia! Nilikuwa na miaka tisa na nyumba ile ilinichoma. Nikifagia, naacha katikati. Nikipukuchua mahindi, nasimama, natoka, narudi. Matanga yalipoisha bibi alichoka nami, akatufungia maharage tukabadilishe kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa rafiki wa mama. Mama alikuwa akienda kwake kila mwezi, na kijijini kwetu hakuna mwingine aliyemfahamu.

Tulimkuta akianika dagaa mchangani, mikono imejaa magamba. Tukampa shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Mama yenu je, ameshajifungua?"

Haki ya Mungu, nilikusudia kusema kweli. Mdomo ukasema, "Ameshajifungua. Wa kiume."

Dada alinitazama, nikajua nimekwisha. "Anakusalimu sana," akasema.

Basi ikawa hivyo. Kila mwezi tuliteremka na habari mpya: mtoto anacheka, mtoto anakaa, mtoto kaota jino. Njiani tulibishana anafanana na nani mpaka tukanuniana. Nikirudi nyumbani nahesabu siku za kushuka tena kule ambako mama alikuwa hai.

Jioni moja nikamwona yule rafiki wa mama anapanda mlima wetu, anahema, kapu la samaki kichwani na kanga mpya mkononi. Nilitaka kukimbia.

"Nimekuja kumwona mtoto," alimwambia bibi. "Na kanga ya kumbebea hii hapa."

Bibi akashika kichwa. "Mtoto gani, mwanangu? Tuliwazika wote wawili, yeye na mama yake."

Nikangoja kofi. Yule mama alitua kapu, akapiga yowe la msiba, majirani wakaja mbio. Alipopata pumzi akaniita, akanipandisha mgongoni, akanifunga kwa ile kanga, lijitu zima la miaka tisa! Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Dada alinishika mguu, naye analia.

Siku hizi njia ile imemezwa na msitu, na yule mama naye ametangulia. Wajukuu wananicheka, bibi kumbe ulikuwa mwongo. Nilikuwa, tena hodari. Miezi sita mama yangu alinyonyesha mwanawe kule Lundo. Siku niliyobebwa ndipo alipokufa kote, mlimani na ziwani, nasi tukaanza kuwa yatima.